Ngome Husema "Yalitokea", Bendera Husema "Tunataka"

Juma lililopita, siku ambayo wanafunzi wetu huruhusiwa kuacha sare na kuvaa nguo za nyumbani, kijana mmoja wa kidato cha tatu aliingia darasani akiwa amevaa fulana ya mitumba. Kifuani palikuwa na picha ya bendera: uwanja mwekundu, mistari miwili ya buluu iliyopishana kama herufi X, na ndani ya mistari hiyo nyota kumi na tatu nyeupe. Binti aliyeketi nyuma yake akamuuliza ni bendera ya nchi gani. Kijana hakujua. Mwenzao mwingine, ambaye husoma sana na hupenda tujue kwamba husoma, akadakia: "Ni bendera ya vita ya majimbo ya kusini ya Marekani. Wengine huichukia, lakini ni historia tu, na historia haifutwi."

Kengele ililia kabla sijamjibu. Sikumkemea aliyevaa fulana, wala sikumwamuru aivue. Nguo hiyo ilifika kwetu ndani ya robota la mitumba, na mnunuzi wa mitumba huangalia bei na kipimo kabla ya kuangalia picha. Ninayetaka kushindana naye ni yule aliyesema "ni historia tu". Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi, vinywani mwa watu wazima pia, na kila niisikiapo huona imevaa joho la elimu ilhali ndani yake hamna elimu. Makala hii ni jibu langu kwake, na kwenu nyote.

Tuanze na sarufi

Mnajua, wanafunzi wangu, kwamba katika lugha yetu kiambishi kidogo hubeba mzigo mkubwa. Walipigana. Wanapigana. Zimebadilika herufi mbili tu, lakini sentensi ya kwanza ni masimulizi, na ya pili ni taarifa ya kukufanya ufunge mlango. Anayechanganya -li- na -na- hupoteza alama katika mtihani. Katika maisha ya raia, anayevichanganya viambishi hivyo hupoteza zaidi ya alama.

Ngome ni jengo la -li-. Ukuta uliotobolewa na mizinga hutuambia kwamba hapa palipigwa vita; hautuambii ni nani aliyestahili kushinda. Hata bendera kuukuu iliyowekwa ndani ya kabati la kioo katika makumbusho ni ya -li-: watu fulani waliibeba, walipigana chini yake, wengine walikufa. Lakini bendera inayopepea juu ya mlingoti, yaani ile nguzo ndefu, mbele ya jengo la serikali, ni jambo jingine kabisa. Hakuna anayepandisha bendera ili atoe habari za jana. Bendera hupandishwa asubuhi ya leo, kwa mkono wa leo, kwa amri ya leo, na hutangaza: hiki ndicho tunachokisimamia. Mlingoti hauna wakati uliopita.

Hiyo ndiyo hoja yangu. Nitaithibitisha kwa jimbo moja la Marekani, kwa sababu mjadala wa bendera ile ya fulana ulifikia kilele chake huko, na kwa sababu ngome zake bado zipo na zinaweza kuhojiwa.

Bandari iliyozungukwa na ngome

South Carolina ni jimbo la kusini mashariki mwa Marekani, kando ya bahari ya Atlantiki. Bandari yake kuu, Charleston, ilizungushiwa ngome kama mdomo ulivyozungushiwa meno. Mlangoni mwa bandari kipo kisiwa cha Sullivan, na hapo tarehe 28 Juni 1776 wakoloni walioasi dhidi ya Uingereza walizuia kundi la manowari za mfalme. Ngome yao ilikuwa haijakamilika. Ilijengwa kwa mchanga na magogo ya mpalmeto, mti wa jamii moja na minazi na mitende, ambao mbao zake ni laini kiasi kwamba risasi za mizinga zilizama ndani badala ya kuzipasua. Juu ya ngome ilipepea bendera ya buluu yenye hilali nyeupe, iliyobuniwa na kamanda wao, Kanali William Moultrie. Bendera ilipoangushwa katikati ya mapigano, Sajini William Jasper aliruka nje ya ukuta, akaiokota na kuisimamisha tena. Bendera hiyo ndiyo mama wa bendera ya jimbo hadi leo: uwanja wa buluu, hilali, na mpalmeto ulioongezwa Januari 1861.

Hadithi hiyo ni tamu, nami naipenda. Lakini isomwe mpaka mwisho. Miongoni mwa waliokata na kubeba magogo yale walikuwamo watu waliotiwa utumwani. Tena kisiwa hichohicho cha Sullivan kilikuwa na nyumba za karantini ambamo mateka walioletwa kutoka Afrika walifungiwa kabla ya kupelekwa mjini kuuzwa. Bendera ya uhuru ilipandishwa juu ya mchanga uleule uliokanyagwa na watu wenye minyororo miguuni. Hilali haina kosa, na magogo hayana kosa. Kosa ni la msimulizi anayefunga kitabu kabla ya sura ya pili.

Na ilikuwapo bendera nyingine, iliyotangulia hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Jumapili ya tarehe 9 Septemba 1739, karibu na mto Stono, kusini magharibi mwa Charleston, kundi la watumwa lilitwaa silaha dukani na kuanza safari kuelekea kusini, kwenye koloni la Kihispania la Florida. Huko, karibu na mji wa St. Augustine, Wahispania walikuwa wameanzisha mwaka 1738 ngome iliyoitwa Mose, ambayo walinzi wake walikuwa Weusi waliotoroka utumwa wa Waingereza, wakiongozwa na Mwafrika aliyeitwa Francisco Menéndez. Watu wa Stono walipiga ngoma, wakapeperusha bendera na kupaza sauti wakitaja uhuru. Wanahistoria wengi huona kwamba viini vya kundi hilo vilitoka katika ufalme wa Kongo, ambao ardhi yake leo imegawanyika kati ya Angola na nchi za Kongo. Hawakufika Mose. Wanamgambo waliwapata, na wengi waliuawa.

Mwaka uliofuata koloni lilitunga sheria kali ya watumwa. Ilikataza ngoma na pembe, na ilikataza kuwafundisha watumwa kuandika. Zingatieni jambo hilo. Watawala wale hawakusema kwamba ngoma ni burudani tu, wala kwamba kitambaa kwenye fimbo ni kitambaa tu. Walielewa vizuri kuliko mwanafunzi wangu kwamba bendera ikipepea inasema jambo, na kwamba wanaoifuata wanalisikia.

Mizinga ilielekea wapi?

Ukifika kwenye ngome yoyote, swali la kwanza la raia liwe hili: mizinga ilielekea wapi? Ngome za mlangoni mwa bandari zilielekeza mizinga baharini, kwa adui wa nje. Lakini mwaka 1822, fundi seremala aliyeitwa Denmark Vesey, mtu mweusi aliyekwisha kununua uhuru wake, alishtakiwa kwamba alipanga maasi ya watumwa wa Charleston. Yeye na wenzake 34 walinyongwa. Kanisa la Weusi alilokuwa na uhusiano nalo lilibomolewa. Ndipo serikali ya jimbo ikaamua kuwa na ghala la silaha lenye walinzi ndani ya mji wenyewe. Jengo hilo likaja kuitwa Citadel, na mwaka 1842 likawa chuo cha kijeshi. Hiyo ilikuwa ngome isiyotazama bahari. Ilitazama jikoni, mashambani, na kwenye vibanda vya watumishi. Aliyeogopewa alikuwa mtu aliyepika chakula cha mwenye ngome.

Sasa tuje kwenye ngome mashuhuri kuliko zote, Fort Sumter. Ujenzi wake ulianza mwaka 1829 juu ya kisiwa kilichotengenezwa kwa kumwaga mawe baharini, na miongoni mwa waliofanya kazi yake walikuwamo watumwa. Tarehe 20 Desemba 1860 South Carolina ikawa jimbo la kwanza kujitenga na Muungano wa Marekani. Kwa nini ilijitenga? Hatuna haja ya kubahatisha, kwani siku nne baadaye wajumbe wake walitoa tamko rasmi la sababu. Malalamiko yao makubwa yalikuwa kwamba majimbo ya kaskazini yalipinga utumwa na yalikataa kuwarudisha watumwa waliotoroka. Waliandika hivyo wenyewe, kwa kalamu yao. Wanaosema leo kwamba vita havikuhusu utumwa wanabishana na waasisi wa vita hivyo.

Mapambazuko ya tarehe 12 Aprili 1861, saa kumi na nusu alfajiri, mizinga ya majimbo yaliyojitenga ilifyatuliwa dhidi ya Fort Sumter, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Meja Robert Anderson, aliyeishika ngome kwa niaba ya Muungano, alisalimu amri siku iliyofuata, akaondoka na bendera yake.

Mwaka mmoja baadaye, ngome hiyo hiyo ilishuhudia tukio ninalotamani kila mwanafunzi alijue. Robert Smalls alikuwa mtumwa mwenye umri wa miaka 23, mshika usukani wa meli ya Planter iliyotumikia jeshi la waasi. Alfajiri ya tarehe 13 Mei 1862, maofisa wazungu wakiwa wamelala mjini, Smalls na mabaharia wenzake waliiondoa meli gatini, wakawachukua wake na watoto wao, wakaelekea baharini. Juu ya meli zilipepea bendera ya waasi na bendera ya jimbo. Smalls alivaa kofia pana ya nahodha, akasimama kama nahodha alivyozoea kusimama, na alipopita chini ya mizinga ya Sumter akapiga honi kwa ishara iliyotakiwa. Walinzi wakamruhusu. Alipovuka upeo wa mizinga, alishusha bendera zile na kupandisha shuka jeupe la kitanda, akaikabidhi meli kwa jeshi la wanamaji la Muungano.

Wahenga walisema bendera hufuata upepo. Asubuhi hiyo bendera ilimfuata mtumwa. Bendera zilezile zilizotangaza kwamba yeye ni mali ya mtu ndizo alizozitumia kama barakoa ya kupitia mlangoni, na kitambaa cha kwanza cha uhuru wake kilikuwa shuka. Smalls alirudi kuwa mmoja wa wajumbe waliotunga katiba ya jimbo ya mwaka 1868, iliyoweka msingi wa shule za umma zilizo wazi kwa watoto wote, kisha akachaguliwa kuingia Bunge la Marekani. Na tarehe 14 Aprili 1865, Anderson aliporudi Sumter kuipandisha tena bendera aliyoondoka nayo, meli ya Planter ilikuwapo bandarini.

Mshika bendera wa Wagner

Nisije nikaeleweka vibaya, kana kwamba nachukia bendera. La hasha. Mkabala na Sumter, kwenye kisiwa cha Morris, palikuwa na ngome ya mchanga iliyoitwa Wagner. Jioni ya tarehe 18 Julai 1863 iliishambuliwa na kikosi cha 54 cha Massachusetts, kikosi cha askari weusi waliojitolea. Walipita juu ya ukanda mwembamba wa pwani, risasi zikiwanyeshea. Kamanda wao mzungu, Kanali Robert Gould Shaw, aliuawa juu ya ukuta. Mshika bendera alipoanguka, Sajini William Carney, aliyezaliwa utumwani Virginia, aliidaka bendera ya Marekani na kuipeleka hadi kwenye ngome. Na kikosi kiliporudi nyuma, aliirudisha akiwa na majeraha kadhaa, bila kuiacha iguse ardhi.

Wakati huo serikali ya bendera hiyohiyo iliwalipa askari wazungu dola 13 kwa mwezi, na askari weusi dola 10, ikiwakata tatu kwa ajili ya nguo. Wanajeshi wa kikosi cha 54 walikataa kupokea mshahara wowote hadi usawa ulipopatikana mwaka 1864. Carney mwenyewe alisubiri mpaka mwaka 1900 ndipo akapewa nishani kuu ya ushujaa. Basi alibeba nini ukutani mwa Wagner? Alibeba ahadi ambayo ilikuwa haijatimizwa. Bendera yake nayo ilisema "tunataka". Kwa hiyo anayekuambia kwamba bendera zote za vita ni sawa kwa kuwa zote ni za kale, mwulize: kila moja ilitaka nini, na kwa ajili ya nani?

Kuba la Columbia

Sasa tufike kwenye ile ya fulana. Wengi hudhani kwamba ilikuwa bendera ya taifa la waasi. Haikuwa. Ilibuniwa na William Porcher Miles, mwanasiasa wa Charleston. Ilikataliwa kuwa bendera ya taifa hilo, ikachukuliwa kuwa bendera ya kivita ya jeshi lake kubwa la Virginia. Vita viliisha mwaka 1865. Kama bendera hiyo ingekuwa kumbukumbu tu, tungetarajia kwamba wajane na mayatima wa vita ndio wangeipandisha juu ya jengo la serikali mjini Columbia, machozi yao yangali mabichi. Hawakufanya hivyo. Ilipandishwa juu ya kuba la jengo hilo Aprili 1961, karibu karne nzima baadaye, na bunge la jimbo likalithibitisha jambo hilo kwa azimio la mwaka 1962.

Wenye kuitetea husema ilikuwa kwa ajili ya kuadhimisha miaka mia moja ya vita. Vyema. Maadhimisho huwa na mwisho. Bendera hiyo ilibaki kubani kwa miaka 39. Na tazameni kilichokuwa kikitokea chini ya kuba. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kuwatenga wanafunzi kwa rangi katika shule za umma ni kinyume cha katiba, na moja ya kesi zilizounganishwa katika uamuzi huo ilitoka wilaya ya Clarendon, hukohuko South Carolina. Tarehe 2 Machi 1961 wanafunzi weusi waliandamana kwa amani hadi kwenye uwanja wa jengo hilo la Columbia kudai haki zao. 187 kati yao walitiwa hatiani, hadi Mahakama Kuu ilipoifuta hukumu hiyo mwaka 1963. Wanafunzi waliandamana Machi. Bendera ilipanda Aprili. Mtu akiniambia kwamba hilo lilikuwa somo la historia, nitamwuliza: mbona wanafunzi walikamatwa siku walipokuja kusoma?

Mwaka 2000, baada ya maandamano makubwa, wanasiasa walipatana. Bendera ilishushwa kutoka kubani, lakini ikapandishwa kwenye mlingoti mpya kando ya mnara wa askari wa waasi, mbele ya jengo lilelile, na sheria ikaweka sharti kwamba haiwezi kuondolewa bila theluthi mbili ya kura za bunge.

Tarehe 17 Juni 2015, kijana mzungu mwenye itikadi ya ubaguzi aliingia katika kanisa la Emanuel mjini Charleston, mwendo mfupi kutoka lile jengo la kale la Citadel. Kanisa hilo ndilo mrithi wa lile lililobomolewa wakati wa Vesey. Aliketi na waumini katika mafunzo ya Biblia, kisha akawaua watu tisa, akiwamo mchungaji wao, Clementa Pinckney, ambaye alikuwa pia seneta wa jimbo. Zikaonekana picha alizojipiga akiwa na bendera ile. Bendera ya Marekani na bendera ya jimbo zilishushwa hadi nusu mlingoti kwa maombolezo. Bendera ya waasi ilibaki juu kabisa, kwa kuwa sheria haikuruhusu iguswe. Jeneza la seneta lilipita mbele yake likielekea ndani ya jengo alimofanyia kazi.

Rudini kwenye sarufi yetu. Ikiwa bendera hiyo ilikuwa ya -li-, kwa nini haikuweza kuomboleza? Jiwe la makumbusho haliombwi kuinama. Bendera huombwa, kwa sababu kila mtu anajua kwamba inasema kwa wakati uliopo. Na juma lile, mbele ya jeneza la mwakilishi wa wananchi, ilichosema kilisikika waziwazi.

Tarehe 27 Juni mwanaharakati Bree Newsome alipanda mlingoti na kuishusha kwa mikono yake. Alikamatwa, na muda haukupita bendera nyingine ikapandishwa. Ndipo bunge likajadili. Katika baraza la wawakilishi kura zilikuwa 94 kwa 20. Gavana Nikki Haley alitia saini tarehe 9 Julai 2015, na kesho yake bendera ikashushwa, ikaamriwa ipelekwe kwenye makumbusho ya kijeshi ya jimbo. Kitambaa hicho kilikuwa cha kisasa, hakijapata kunusa baruti ya vita vyovyote. Hata umri wake ulikanusha madai kwamba ni kale.

Majibu kwa wapinzani

Wa kwanza atasema: historia haifutwi. Nakubali, na ndiyo sababu ya kutoogopa kushusha bendera. Ngome ya Wagner imeliwa na mawimbi. Mahali alipopita Carney sehemu kubwa sasa ni bahari. Je, historia yake imefutika? Nimewasimulia hivi punde, nanyi mko mbali na bahari ile kwa maelfu ya kilomita. Historia hukaa katika masimulizi ya kweli, vitabuni, makumbushoni na madarasani. Iliyofutwa South Carolina kwa muda mrefu ni habari ya Stono na ya Smalls, na ilifutwa huku bendera ikipepea.

Wa pili atasema: waliokufa chini ya bendera hiyo wengi walikuwa maskini wasio na mtumwa hata mmoja, na wajukuu wao wana haki ya kuwaheshimu. Hoja hii ina utu ndani yake, nami siidharau. Mjukuu aende kaburini, aweke maua, alie. Lakini jengo la serikali si makaburi ya ukoo mmoja. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 1860, South Carolina ilikuwa na wakazi 703,708, na kati yao 402,406 walikuwa watumwa. Zaidi ya nusu! Anayesema "urithi wa watu wa South Carolina" akiwa na maana ya bendera ile, amewaondoa wengi wa watu hao katika hesabu kwa mara ya pili.

Wa tatu atasema: leo bendera, kesho mtabomoa ngome. Mimi nitakuwa wa kwanza kumpinga atakayeligusa jiwe moja la Sumter. Ngome ni shahidi, na shahidi hauawi. Shahidi huulizwa maswali: nani alikujenga, nani alikuamuru, mizinga yako ilielekea wapi, nani alipita chini yako alfajiri moja akiwa amevaa kofia ya nahodha? Mwenye kuupenda ukweli huzihifadhi ngome zote na kuzisimulia zote, zile zilizoshinda na zile zilizomezwa na maji.

Wa nne, ambaye huenda ndiwe, atasema: hayo ni ya Marekani, yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu bendera ile imeshafika sokoni kwetu kwa bei ya soda mbili. Yanatuhusu pia kwa sababu kila nchi ina milingoti, na kila kizazi huambiwa kwamba lililoko juu ya mlingoti liko hapo tangu zamani na halina mjadala. Raia aliyeelimika huinua macho na kuuliza lilipandishwa lini, na nani, dhidi ya nani. Sisemi kwamba kushusha bendera kulileta haki South Carolina. Kushusha bendera hakujengi shule wala hakufufui watu tisa. Lakini serikali isiyoweza hata kuacha kuwatukana raia wake kwa kitambaa haiwezi kuaminiwa katika mambo mazito zaidi.

Alasiri ya siku ile, kijana wa fulana alinifuata ofisini. Alikuwa amekwisha kuuliza huku na huku, na alitaka kujua kama aichome. Nilimwambia: usiichome, mwanangu. Ni mali yako, uliinunua kwa fedha yako. Lakini mpaka asubuhi ya leo fulana hiyo ilikuwa ikisema na wewe hujui inasema nini. Sasa unajua. Ukiivaa tena, haitakuwa fulana inayosema. Utakuwa wewe.

Kazi ya juma hili: andika insha isiyozidi kurasa mbili. Chagua ngome, boma au mnara mmoja ulio karibu nawe; walio kaskazini wanaweza kuchagua ngome ya Patiko, karibu na Gulu, iliyotumiwa na wafanyabiashara ya watumwa kabla ya Samuel Baker kuitwaa. Jibu maswali matatu: nani aliijenga kwa jasho lake, ilimlinda nani dhidi ya nani, na leo inasimuliwa kwa -li- au kwa -na-?